Kiwanja chetu: kesho banahesabu

Mama Bea: Jambo ba jirani. Banafunzi ba chuo kikuu batarudi kesho jumamosi, saa 12 asubuhi, pale kiwanjani. Musibafukuze, tafadhali.

Papa Deo: Bale banakaaka chini ya muembe na makaratasi? Nilifikiri banapima pasele, vipande vya udongo vya kujenga. Moyo ulinipiga.

Mama Bea: Hapana papa. Banahesabu batu. Nani anakaa, nani anatembea, nani anakimbia. Mwanamke ao mwanaume, mtoto ao mzee. Hawaandike jina, hawapige picha.

Yaya Trésor: Itatusaidia nini? Kiwanja kimebaki nusu. Ule ukuta ulisimama mwaka jana, sisi wote tuliona, hakuna mwenye alisema.

Mama Bea: Ndiyo maana nilibakubalia. Siku mtu atakuja kusema pale ni pori, hakuna mwenye anapatumia, tutakuwa na hesabu mkononi. Lakini bakikuta vijana ba mpira tu, itakuwa kama bamama hatuishi hapa mtaani Katuba. Ukuta ulikata njia yetu ya kutembea, sasa tunapita barabarani kati ya mataksi na vumbi.

Papa Deo: Basi kesho tutoke wote! Avenyu nzima!

Mama Bea: Hapana. Aje mwenye anakujaka. Batarudi wakati wa mvua, mwezi wa kwanza, na tena kwenye baridi ya mwezi wa saba. Wakikuta kiwanja tupu, hesabu ya kesho itaonekana uongo, na tutaipoteza.

Mama Sylvie: Mimi sikujake. Niseme kweli: nikivaa pantalo nikimbie, vijana banapiga miluzi. Na hakuna mahali pa kukaa.

Mama Bea: Ile waambie kesho, Sylvie. Banauliza pia mwenye haji, sababu yake. Ni swali la maana kuliko yote.

Yaya Trésor: Mama Sylvie, pole. Nitaongea na bale ba timu leo jioni. Tunaweza pia kuachia bamama upande wa muembe mpaka saa 2.

Dada Nadia: Kambo, mzee wetu, uko? Dokta alisema nini juu ya tansio, ile presha ya damu?

Kambo: Nitembee. Lakini goti linayumba.

Dada Nadia: OMS, shirika la afya la dunia, inasema mtu mkubwa atembee haraka kidogo, angalau dakika 150 kwa juma. Ni nusu saa, siku 5. Kuanzia miaka 65, aongeze mazoezi ya kusimama bila kuyumba, siku 3 kwa juma. Tutafanya pamoja, ukishika muti. Na batoto, dakika 60 kila siku, Papa Deo.

Papa Deo: Bangu bako kwa telefone tangu asubuhi. Nimesikia, mwanangu.

Kambo: Nilicheza pale miguu tupu, kiwanja kikiwa kizima. Kesho nakuja na kiti changu.

Mama Bea: Watakuandika kwa wenye kukaa, Kambo.

Kambo: Nitazunguka kwanza mara mbili, polepole. Kisha nikae. Waandike yote.