Kikundi cha familia: Makorora Nyumbani

ALHAMISI

20:06 Salimu: Assalaam alaykum familia. Shikamooni wakubwa. Majina ya kuitwa kazini yametoka leo kwenye Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, na langu lipo. Fundi umeme, mamlaka ya maji, kituo Tanga.

20:07 Athumani: Allahu akbar! Kaka hongera sanaaa

20:07 Dada Mwanaidi: Alhamdulillah 🤲 Nimepiga kigelegele mpaka jirani kachungulia

20:10 Salimu: Asanteni. Ila kuna jambo, ndiyo maana nimeandika hapa badala ya kumpigia mmoja mmoja. Mkataba wangu huku Geita unaisha mwisho wa mwezi. Jana msimamizi kaniita, wanataka niongeze miezi sita mingine. Jibu wanalitaka Jumamosi asubuhi.

20:11 Salimu: Mshahara wa Tanga ni 870,000 kabla ya makato. Huku natia mkononi 1,650,000.

20:14 Kaka Jumaa: Hongera mdogo wangu. Lakini mimi naona hilo jibu liko wazi. Hiyo ni nusu. Nyumba yako imeishia kwenye lenta, bati bado, Athumani ana miaka miwili ya chuo mbele yake. Chukua hiyo miezi sita upaue nyumba, halafu ndiyo utafute za kudumu.

20:16 Salimu: Za kudumu hazinisubiri kaka. Tangu 2021 nimefanya usaili mara nne, mara tatu nimekwenda Dodoma kwa nauli yangu. Usiporipoti ndani ya siku 14 nafasi anapewa mwingine.

20:17 Kaka Jumaa: Nakuelewa. Lakini mwenye kulipa ada ni wewe, siyo ajira ya kudumu.

20:31 Dada Mwanaidi: Ngojeni, nimekaa na kalamu. Mwaka jana Salimu ulifanya kazi miezi kumi, miwili ulikaa ukingoja mkataba mpya usainiwe. Sivyo?

20:31 Salimu: Ndivyo dada

20:36 Dada Mwanaidi: Basi. Chumba laki moja, chakula laki tatu, nauli na mengineyo weka laki na nusu. Inabaki milioni moja na laki moja ya kutuma nyumbani. Mara miezi kumi ni milioni 11. Sasa Tanga. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5 ni 43,500. Bima ya afya asilimia 3 ni 26,100. Kodi inakaribia 85,000. Unabakiwa na 715,000 na kidogo, na hiyo inaingia miezi yote kumi na miwili. Ni kama milioni 8 na laki sita. Pengo ni laki mbili kwa mwezi. Jumaa, siyo nusu.

20:38 Kaka Jumaa: Kwani Tanga hatakula?

20:39 Dada Mwanaidi: Atakula. Ila sufuria ya wali Zuhura anaibandika kila siku, awepo asiwepo. Na ongeza hili: huko mwajiri anakuchangia asilimia 15 juu ya 5 yako. Pensheni inataka miezi 180 ya michango. Salimu ana miaka 34, akianza sasa mpaka 60 anaipita kwa mbali. Na hela zako za NSSF, mfuko uliokuwa ukichangia huko kwenye kampuni, usiziguse, nenda ofisini kwao kwanza uulize habari ya kuunganisha michango.

20:44 Ba'mdogo Hemedi: Assalaam alaykum. Nimesoma yote. Jumaa mwanangu, nyumba ni jambo kubwa, hujakosea. Lakini niruhusu niseme.

20:52 Ba'mdogo Hemedi: Miye nimebeba marobota ya mkonge pale bandarini miaka 22, kibarua. Meli ikifunga gati, siku tatu nne nilikuwa napata kuliko karani mwenye meza yake. Marehemu baba yenu akiniambia Hemedi tafuta kazi ya kuandikwa, namwonyesha noti. Meli isipokuja, tunakopa sembe kwa Mwarabu. Yule karani leo ana pensheni yake kila mwezi. Miye dawa ya presha ananinunulia Mwanaidi. Ndiyo hayo tu.

20:55 Salimu: Ba'mdogo nimekusikia. Hata huku ni yaleyale. Pale Rufiji tulikuwa mafundi umeme wengi, tukajua kwamba bwawa likiisha na sisi tumeisha. Leo mitambo yote 9 iko tayari, megawati 2,115, nchi inawaka. Sisi tulikabidhi helmeti getini kila mtu akaenda kutafuta mradi mwingine.

20:58 Salimu: Na Machi, Mama alipoanguka bafuni, niliomba siku nne. Kampuni niliyokuwa nayo ikaniambia ukienda, kiti chako kina mtu. Nikabaki. Hilo sijamwambia Mama mpaka leo.

20:58 Dada Mwanaidi: Salimu, Mama yumo humu

21:09 Mama: 🎤 Ujumbe wa sauti 1:02

21:15 Dada Mwanaidi: Kwa walio kazini nawaandikia. Mama anasema: "Nilijua mwanangu. Mtu ukimpigia akakaa kimya kabla hajakwambia sitakuja, unajua kuna kitu. Usirudi kwa ajili ya mguu wangu, mguu unapona. Ukirudi, uwe umetaka mwenyewe, usije ukakaa barazani unahesabu hela za Geita. Na niambieni, hiyo kazi yake ya maji atakuwa analala nyumbani?"

21:18 Salimu: Mama, nitakueleza ukweli. Ni kwenye pampu za Mowe, yanaposafishwa maji yanayotoka bwawa la Mabayani. Pampu hazilali, kwa hiyo kuna zamu za usiku. Lakini nikitoka zamu naamkia Makorora.

21:20 Kaka Jumaa: Wifi yenu yuko kimya. Zuhura, shemeji, wewe unasemaje? Nyumba ni yako.

21:34 Zuhura: Shikamooni wazazi wangu. Nilikuwa nalaza watoto.

21:41 Zuhura: Shemeji nyumba naipita kila siku nikienda sokoni. Naipenda, nasi sote tunaingojea. Lakini mimi nakumbuka usiku ule Bakari alipopata degedege. Macho yamegeuka, meno ameyauma. Nilimfunga mgongoni nikatoka na kanga moja, bodaboda wa pili ndiyo aliyekubali kunipeleka hospitali ya Bombo bila kuniuliza hela. Nimeandika humu kwenye simu "Baba Bakari mtoto anakufa". Tiki moja. Kule kiwandani simu wanaziacha kwenye kabati getini. Mpaka saa tatu asubuhi tiki moja, na mtoto ameshapoa, anakunywa uji.

21:42 Zuhura: Laki mbili nitazitafuta. Ukwaju na mihogo ya kukaanga nauza hata sasa, nitaongeza na bajia. Lenta ikae hapohapo, haitoki.

21:50 Athumani: Mimi nilikuwa naogopa kuandika kwa sababu hela inayozungumzwa ni yangu. Kaka chuo wanakubali ada kwa awamu nne, nimeshauliza. Na likizo naweza kufanya kazi kwenye karakana ya hapa Arusha, fundi mkuu ananijua. Rudi nyumbani.

21:58 Kaka Jumaa: Mimi bado naona miezi sita isingeharibu kitu, siwezi kusema uongo. Ila hilo la Bakari sikuwahi kuambiwa. Zuhura ningejua ningetoka Dar usiku uleule.

21:59 Kaka Jumaa: Awamu mbili za Athumani mwaka huu ni zangu. Wala tusilijadili.

22:00 Ba'mdogo Hemedi: Mungu akuzidishie Jumaa.

IJUMAA

14:12 Salimu: Nimetoka msikitini nikapitia kwa msimamizi. Nimemwambia siongezi. Kanishika mkono, kasema yeye mwenyewe ana watoto Songea ambao hajawaona tangu Idi. Nikikabidhi vifaa napanda basi la alfajiri.

14:15 Kaka Jumaa: Ukifika Stendi ya Magufuli nipigie hata iwe saa nane usiku. Utalala kwangu Kimara, asubuhi nakupandisha la Tanga.

14:16 Dada Mwanaidi: Wanataka vyeti halisi siku ya kuripoti. Vya VETA unavyo?

14:18 Salimu: Ninavyo, na namba ya NIDA. Cheti cha kuzaliwa ndicho sina. Kitakuwa kwenye sanduku la marehemu baba.

14:20 Mama: 🎤 Ujumbe wa sauti 0:09

14:21 Zuhura: Mama anasema ulete sato wa kukausha, wawili wakubwa, mmoja wa Ba'mdogo.

15:47 Dada Mwanaidi: 📷 Picha

15:48 Dada Mwanaidi: Nimekipata, chini kabisa, ndani ya kasha la kitambulisho chake cha kazi. Kimekunjwa mara nne na kona moja imeliwa, lakini jina na muhuri vinasomeka. Nampa Zuhura akiweke.