Mrejesho: Tumerudi kutoka Zanzibar na watoto

Ndugu zangu, niliwauliza nijiandae vipi kuwapeleka wanangu Zanzibar kutoka Nairobi, na kama tukae Paje, upande wa mashariki, au Nungwi, kaskazini. Tumerudi salama, asanteni sana.

Aliyesisitiza chanjo ya homa ya manjano alinifaa mno. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo tulichanja mapema, na uwanjani kadi ziliulizwa kabla ya pasipoti. Mifuko ya plastiki niliiacha nyumbani. Tanzania imeipiga marufuku tangu 2019.

Tulichagua Nungwi. Kule maji yakipwa hayaendi mbali, watoto waliogelea karibu kutwa nzima. Paje tulikwenda kutembea tu, wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiwa mpevu: bahari ilikuwa imerudi mbali kabisa, na akina mama walikuwa wakishughulikia mwani wao. Binti yangu alipapenda kuliko bwawa la hoteli! Ila wavalisheni viatu vya maji, kuna viumbe vyenye miiba mikali.

Mwenye watoto wanaotaka kuogelea tu, aangalie mwezi kabla ya kulipia chumba upande wa mashariki.