Tupeane uzoefu: Msimu wa 2023 wa Iowa uliumaliza vipi bila kuvunja runinga?

Jirani wa Kinnick (mleta mada)

Wakuu, heri ya mwaka mpya, ingawa kwetu umeanza na kipigo. Jana, Januari 1, 2024, kule Orlando, kwenye Citrus Bowl, mechi ya kufunga msimu wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo, Tennessee 35, Chuo Kikuu chetu cha Iowa 0. Msimu umefungwa: tumeshinda mechi 10, tumepoteza 4. Asiyefuatilia akisikia ushindi 10 atatupa hongera. Sisi tuliokaa mbele ya runinga kila Jumamosi tangu Septemba ndio tunajua tumelishwa nini.

Nimejumlisha pointi za mechi zote 14: tumepata 216, wapinzani 207. Yaani sisi ni 15.4 kwa mechi. Sasa mkumbuke, Februari mwaka jana mkataba wa Brian Ferentz, kocha wa ushambuliaji na mtoto wa kocha mkuu Kirk Ferentz, uliwekewa sharti la timu kufikisha wastani wa pointi 25, na mshahara wake ukashushwa kutoka dola 900,000 hadi 850,000. Mwisho wa Oktoba, mechi zikiwa bado zinachezwa, chuo kikatangaza kwamba hatakuwepo msimu ujao. Kwa yadi za ushambuliaji tumeshika mkia Marekani nzima katika daraja letu. Na timu hiyohiyo ndiyo bingwa wa kanda ya magharibi ya Big Ten, ligi yetu ya vyuo. Mwelezee mtu wa Mbeya hayo akuelewe.

Msimamo wangu: huu haukuwa msimu mzuri. Ulikuwa msimu wa ulinzi bora uliochezewa. Phil Parker, kocha wa ulinzi, amechukua tuzo ya Broyles ya kocha msaidizi bora wa nchi, na alistahili. Ulinzi wa namna ile hauji kila mwaka, na sisi tumeutumia kushinda 10-7, 15-13 na 13-10. Kila tulipokutana na wakubwa tukavuliwa nguo: Penn State 31-0 (yadi 76 mechi nzima, jamani, sabini na sita!), Michigan 26-0 kwenye fainali ya ligi, na jana. Jumla 92-0.

Lakini za magazeti zinatosha. Naomba kila mmoja aeleze msimu huu ulimkuta wapi, aliutazama na nani, na mechi gani ilimmaliza. Karibuni, hata wa Nebraska mje, hatuwapigi.

Mwana Uvira

Jirani, asante kwa mada. Mimi nimetoka Nyarugusu, nikaletwa moja kwa moja Iowa City, na futiboli ya Kimarekani sikuwahi kuiona. Kambini tulikuwa na Barcelona na Real, basi. Walionifundisha ni wenzangu wa zamu ya usiku kiwandani, na kwa bahati mbaya au nzuri walinifundisha kwa kutumia Iowa. Kwa hiyo mimi nilimwelewa Tory Taylor kabla ya kuuelewa mchezo.

Wageni niwaelezee kama nilivyoelezwa. Timu inapewa nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10. Ikifaulu, inapewa nyingine nne. Ikiona nafasi ya nne imefika na hakuna matumaini, inamleta mtu mmoja anaupiga mpira kwa mguu kwenda mbali kabisa, ili mpinzani aanzie karibu na lango lake mwenyewe. Timu nyingine zikimwona mtu huyo anaingia, mashabiki wanazomea. Kinnick, uwanja wetu, wanasimama kumshangilia. Taylor ni Mwaustralia wa Melbourne, amekulia kwenye ule mpira wao wa kwao, na mguu ule unaweza kuutua mpira anapotaka. Msimu huu amepiga mara 93, jumla yadi 4,479, na kuvunja rekodi ya vyuo iliyokuwepo tangu 1938. Akapewa na tuzo ya Ray Guy, ya mpigaji bora wa namna hiyo.

Mpango wote ni huu: hatufungi, Taylor anapiga, mpinzani anajikuta ana yadi 90 za kutembea mbele ya watu wa Parker, anachoka, anakosea, tunapata mpira karibu, tunashindwa kufunga hata hapo, tunapiga mkwaju wa pointi tatu. Kwa mpira wetu tungesema wamepaki basi, ila hawa basi wamelipaki, wakatoa na matairi.

Mechi yangu ni ya Wisconsin, Oktoba 14, tuliposhinda 15-6 kwao Madison. Taylor alipiga mara 10. Leshon Williams alikimbia yadi 82 peke yake akafunga, nikapiga kelele mpaka mke wangu akaja kuuliza kama kuna habari mbaya kutoka nyumbani.

Mkimbiaji wa Ames

Niaje wasee. Mimi niko upande ule mwingine, chuo cha Iowa State, hapa Ames. Nilikuja kwa sababu ya riadha, kama Wakenya wengi waliopita Ames. Mnamjua Edwin Kurgat aliyeshinda mbio za nyika za vyuo vyote 2019 akiwa na jezi yetu. Sasa sisi wakimbiaji tukiambiwa mtu amekimbia yadi tatu halafu uwanja mzima unapiga makofi, tunatazamana tu.

Septemba 9 mlitufunga hapa kwetu 20-13. Sikatai. Lakini pointi saba kati ya hizo alianzisha Sebastian Castro, mtu wa ulinzi, alipouiba mpira wetu akakimbia nao hadi mwisho. Ondoa hiyo, ni 13-13. Ushambuliaji wenu mwaka huu ulikuwa mgeni tu kwenye mechi zenu wenyewe.

Jirani wa Kinnick

Mkimbiaji, tulishinda. Rudi mazoezini.

Refa Mstaafu

Niandike kuhusu Minnesota, maana naona mnaizungukazunguka kama kaburi.

Oktoba 21, Kinnick. Tuko nyuma 12-10, imebaki dakika moja na kidogo. Minnesota wanapiga mpira wa mbali, Cooper DeJean anaudaka pembeni baada ya kudunda, anawapita wote, anafunga. Uwanja umepasuka. Nilikuwa kwa shemeji yangu Cedar Rapids, tulikumbatiana na watu ambao mpaka leo sijui majina yao. Halafu waamuzi wakaenda kutazama marudio.

Kanuni inasema anayesubiri mpira akipunga mkono kwa namna inayoweza kuonekana kama ishara ya kwamba hataukimbiza, basi akishaugusa mpira unakufa palepale. DeJean alikuwa ananyoosha mkono wa kulia kuwaonyesha wenzake mpira uko wapi, na wa kushoto ukawa unapungapunga chini. Bao likafutwa. Nimechezesha mpira wa kwetu miaka mingi, ligi za wilaya, na nitasema jambo litakalowaudhi: kwa maandishi ya kanuni waamuzi walikuwa na hoja. Ila kule kwetu mwamuzi anayefuta bao la namna ile anatafuta njia ya kutokea kwanza, ndipo anapuliza.

Baada ya hapo mpira ulibaki wetu, muda ulikuwepo, na tulichohitaji ni kusogea kidogo tu ili tupige mkwaju. Hatukuweza. Hilo ndilo lililoniuma kuliko bao. Minnesota hawakuwa wameshinda Kinnick tangu 1999, na wakaondoka na Floyd, yule nguruwe wa shaba tunayegombea nao kila mwaka.

Mnyama Des Moines

Wakuu msinichekeshe, kuna mtu hapa alipata wikiendi mbaya kuliko mimi? Novemba 4 Iowa na Northwestern, Chicago, uwanja wa besiboli wa Wrigley Field. Saa tatu za kutazama kitu ambacho sitakiita mchezo. Sekunde 14 zimebaki, Drew Stevens anapiga mkwaju wa yadi 53, tunashinda 10-7. Nimelala na furaha. Asubuhi ya Jumapili naamka niwaone Simba wangu: Yanga 5, Simba 1.

Yaani ndani ya saa ishirini na nne niliona timu inayoshinda bila kucheza, na nyingine ambayo sitaki kuizungumzia. Mtani wangu wa Waterloo alinitumia vidole vitano kwenye simu hadi usiku.

Mama Wawili

Nyie mnaongelea pointi. Mimi nafanya kazi katika hospitali ya watoto iliyo mkabala na uwanja, na siku za mechi ndizo siku zinazopangiwa watu haraka kuliko zote, kwa sababu kila mtu anazitaka. Ghorofa ya 12 kuna ukumbi wenye vioo unaotazama Kinnick, tunawapandisha watoto wanaoweza kutoka vitandani. Robo ya kwanza ikiisha, uwanja mzima, watu karibu 70,000, wachezaji wa pande zote mbili na waamuzi, wanageuka kutupungia. Wamefanya hivyo tangu 2017. Kuna mtoto aliniuliza kama wale watu wote wanamjua.

Sasa tathmini yangu, maana mleta mada ameiomba. Oktoba 15 wasichana wa mpira wa kikapu walicheza na DePaul ndani ya Kinnick, nje, kwenye upepo. Watu 55,646. Caitlin Clark na wenzake walipata pointi 94 kwa alasiri moja. Kaka zao wa futiboli walihitaji mechi tano kuzifikia hizo. Kwa hiyo mkiniuliza tatizo ni hali ya hewa ya Iowa, jibu langu ni hapana.

Huskers Damu

Niliambiwa sitapigwa, nimekuja. Niko Lincoln. Novemba 24 tulikuwa na ushindi 5, tukiwafunga nyinyi tunapata wa sita na kwenda kucheza mechi ya mwisho wa msimu, kitu ambacho Nebraska tulikuwa hatujakionja tangu 2016. Ilikuwa 10-10. Mpigaji wenu mmoja alishawekwa benchi siku hiyo. Sekunde chache zimebaki, mpira tunao sisi! Tunarusha, Ethan Hurkett anauiba. Leshon Williams anakimbia. Anaingia Marshall Meeder, mtu ambaye nusu yenu mlikuwa hamjui jina lake, yadi 38, muda umekwisha, 13-10.

Mnalalamika nini? Nipeni mimi huo msimu wenu mbaya.

kaka_chuma

Huskers amesema kweli, na Jirani unaonea. Cade McNamara, kwatabeki (mrusha mpira wetu) tuliyemtoa Michigan, goti lilikwenda kwenye mechi ya tano. Luke Lachey alishaumia mechi ya tatu. Erick All akaumia kwa Wisconsin. DeJean akavunjika mguu mazoezini Novemba. Deacon Hill, aliyechukua nafasi ya McNamara, hakuja Iowa kuwa namba moja, alitupwa majini akaogelea. Kikosi kilichopoteza watu hao kikashinda 10, hiyo ni kazi ya kocha. Kirk Ferentz yupo pale tangu 1999, wangapi wanaweza kusema hivyo?

Jirani wa Kinnick

Kaka, majeruhi nakubali. Hill simlaumu hata kidogo, kijana alisimama pale anapigwa na kuinuka. Lakini turudi 2022, wakati hakuna aliyekuwa na sababu hizo. Mechi ya kwanza, South Dakota State, timu ya daraja la chini yetu. Tulishinda 7-3 bila kufunga tachidauni (kuufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani) hata moja: mkwaju mmoja wa pointi tatu na mara mbili ulinzi uliwaangusha wapinzani ndani ya eneo lao, pointi mbilimbili. Huo ulikuwa ugonjwa, magoti ya 2023 yamekuja kuongezea tu. Na mgonjwa akaachwa miaka yote hiyo kwa sababu daktari ni mtoto wa mwenye nyumba.

Ferentz mkubwa namheshimu. Ila mzee anayemlinda mwanawe mpaka mkuu wa michezo aingilie kati, hapo mimi siwezi kupiga makofi.

kaka_chuma

Baba yupi asingemlinda?

Refa Mstaafu

Yule anayelipwa na chuo cha umma.

Mkimbiaji wa Ames

Halafu mwaka huu USC, UCLA, Oregon na Washington wanaingia Big Ten, na kanda zinafutwa. Hakuna tena magharibi ya kujifichia. Ukitaka fainali ya ligi lazima uwe wa kwanza au wa pili kati ya timu 18. Na pointi 15? Oregon wanazipata kabla hujamaliza soda.

Mama Wawili

Ndiyo maana nasema kocha mpya wa ushambuliaji asiwe rafiki wa mtu. Watafute mgeni kabisa, aje na madaftari yake.

Mwana Uvira

Mama, huyo kocha atapatikana, wako wengi. Swali langu ni moja: Taylor amemaliza, anakwenda NFL, ligi ya kulipwa. Agosti nani anapiga?