Nimesoma daftari la matumizi la mke wangu, mwaka unaisha na sijui nianzie wapi

Dereva wa Tela (26 Desemba)

Wakuu habari za kufunga mwaka. Nina jambo, sio kubwa sana ila limenikaa kooni toka juzi, naombeni ushauri mlio kwenye ndoa muda mrefu. Wa matusi pita tu.

Mimi ni dereva wa masafa, natembeza tela kwenda Kongo, Tunduma, Nakonde, Kapiri, Kasumbalesa mpaka Kolwezi, narudi na shaba, mwaka wa 11 sasa. Kwangu ni Kibaha, Picha ya Ndege. Yani nikitoka Dar napita hapo hapo na nikirudi napita hapo hapo, nyumba iko kama mita 300 ndani, ila kusimama huwezi, ofisi wanaliona gari linapokanyaga, ukizima injini sehemu isiyo na ruhusa simu inaita. Kwahiyo utaratibu wetu toka zamani nikikaribia napiga honi mbili ndefu, watoto wanakimbilia barabarani wananipungia. Kijana mkubwa saivi yuko kidato cha pili, haji tena, anaona aibu. Wadogo bado wanakuja.

Sasa mwaka huu toka tarehe 19 gari iko yadi, mzigo hakuna mpaka Januari. Sijawahi kukaa nyumbani siku zote hizi mfululizo. Na wakuu niwaambie ukweli, kwangu mimi ni mgeni. Sio kwamba nanyanyaswa, hapana, naheshimiwa mno ndo tatizo lenyewe. Nikikaa sebuleni TV inapunguzwa sauti. Naulizwa baba utakula nini kama niko hotelini. Juzi usiku nimepapasa ukuta kutafuta swichi ya taa ya uani dakika nzima, kumbe ilihamishwa mwezi wa sita, fundi alikuja akalipwa akaondoka mi sina habari. Mdogo wa mwisho akitaka hela ya lambalamba ananipita sebuleni nimekaa na pochi yangu, anaenda kumuomba mama yake jikoni.

Tarehe 23 umeme ukakata, mama watoto kaenda sokoni Maili Moja, simu kaiacha kwenye chaji. Nikawa natafuta namba ya mita kwenye droo ya kabati la vyombo, nikakuta kauntabuku kwaya tatu, jalada limeshonwa na uzi. Nikafungua. Najua sikutakiwa ila nilifungua. Mwaka mzima umo mle wakuu.

Sembe kilo 5. Luku 5,000 na pembeni kaandika "wamekata 1,500 ya jengo". Gesi mtungi mdogo 24,000. Dagaa. Mangi tunadaiwa 6,200. Siku niliyotuma hela kaandika "baba kaleta" na kiasi. Siku ambazo sikutuma kaandika "baba hajaleta" basi, hakuna neno lingine. Na kila mwezi kuna mstari "mama Njombe dawa ya presha 28,000". Huyo ni mama yangu mimi, mzazi wangu, na mimi sijawahi kuulizwa hiyo hela.

Halafu mwezi wa nane, kipindi nimekwama Kasumbalesa wiki tatu na mileji, yani posho ya safari, imeniishia, kachukua mkopo kikoba 450,000. Mota ya kisima iliungua, na dawa, na viatu vya shule. Nilimpigia siku zile nikamwambia vumilia, akasema usijali sisi tuko sawa. Mpaka sasa kwa hesabu zake bado anadaiwa 310,000 na kikoba kinavunjwa, yani wanagawana akiba ya mwaka, tarehe 30.

Kilichonimaliza ni hiki. Pembeni ya tarehe nyingine kuna maneno madogo kwa penseli. "Kapita saa 12 jioni, honi mbili." "Kapita alfajiri, honi mbili." Yani kila nilipopita kaandika. Halafu tarehe 17/9: "Kapita usiku, gari lake kabisa, hakupiga."

Nina 1,600,000 nimeitunza kwa ajili ya ukuta na geti. Je nilipe deni la kikoba kimya kimya? Nikilipa atajua nimesoma. Nikinyamaza nahisi na mimi nitakuwa naandikwa tu kama luku mpaka nazeeka. Naombeni mawazo.

Kiti cha Mbele

Mkeka nimeutandika, ngoja waliooa waje. Ila mkuu 17/9 ulikuwa umembeba nani kwenye kichwa cha gari?

Mzee wa Hesabu

Mimi ntasema wasilotaka kusikia wengi. Mwanamke anayeandika mpaka saa unayopita barabarani anakusanya ushahidi huyo, leo daftari kesho baraza la kata. Hela inatoka kwako, nyumba umejenga kwa jasho lako ukilala kwenye foleni Tunduma, yeye kakaa kivulini na kalamu. Jenga ukuta wako, deni lake alilipe mwenyewe, alikopa bila kukushirikisha.

Wakili wa Kibarazani

@Mzee wa Hesabu hayo ya "kakaa kivulini" yalishazikwa muda mrefu. Kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani zinahesabika kuwa mchango kwenye mali ya ndoa, kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Watu wengi wanaishia hapo kuisimulia. Yule mama mwishowe hakuambulia kitu, maana mahakama iliona mumewe alishampa hela akazitapanya.

Sasa mtoa mada, mkeo ana kila senti imeandikwa, na luku, na Mangi, na dawa za mkwewe. Kama kweli angekuwa anajiandaa na kesi, wewe ndo ungehangaika kutafuta risiti. Lakini mi sioni kesi hapo, mtu anayejiandaa na talaka hahesabu honi.

Dada wa Sanduku

Naongea kama mweka hazina wa kikoba mwaka wa sita, na kama mtu mwenye daftari lake chini ya godoro.

Kwanza kaka yangu usiende kwa mwenyekiti wao na hela mkononi, utamuaibisha. Wanawake 25 watajua kabla ya magharibi kwamba mume wa fulani kaja kumlipia. Siku ya kuvunja sanduku linafunguliwa mbele ya wote, funguo tatu wanashika watu watatu tofauti, kila mtu anasomewa hisa zake na faida, wanatoa anachodaiwa, kinachobaki anapewa mkononi. Huyo hana aibu ya deni, litakatwa humo humo. Shida yake ni kwamba ile hela aliyokuwa anaisubiri mwaka mzima itakuwa nyembamba, na humo ndani alishaipangia mambo, nakuhakikishia. Sisi tunaipangia toka Februari. Mimi mwaka juzi nilikuwa nimepanga kitanda cha watoto, mume hakujua, nikarudi na sufuria mbili na kanga nikasema hewala.

Kwahiyo wewe muulize tu mnavunja lini na mwaka huu ulikuwa na mpango gani na hizo hela. Ukae jikoni umuulizie huko, usimwite sebuleni kama shahidi. Mume wangu akiniita sebuleni hata tumbo linanikata.

Na sisi tunaoandika tunaandika kwa sababu tukisema mnatuambia tunalalamika. Ukiandika haina mtu wa kukukatisha.

Utingo Mstaafu

Nimeendesha ile njia miaka 20. Hiyo kupita nyumbani bila kusimama inaua kuliko mlima Kitonga. Mimi kwangu ilikuwa Ilula, mke alikuwa anaweka chupa ya chai na mihogo kwa muuza nyanya pale barabarani, nashusha kioo napokea natembea, hata dakika haifiki. Siku tela langu lilipokuwa na dereva mwingine naye akapewa ile chai na mihogo, akala, mimi niko Ndola naumwa malaria. Nilivyosikia nilichukia kama mtoto.

Ila mdogo wangu hujajibu swali la Kiti cha Mbele. Hakupiga kwa nini?

Dereva wa Tela

Ntajibu. Sikumbeba mtu. Nilikaa kuitafuta hiyo tarehe kwenye karatasi za safari, nilikuwa natoka Kongo siku ya tatu sijalala vizuri, kuanzia Chalinze nilimpa tandiboi usukani nikajinyoosha kitanda cha nyuma. Najua ni kosa, hana leseni ya daraja hilo. Tumepita Kibaha mi nakoroma na yeye hajui habari za honi. Nimeamkia Kibamba.

Utingo Mstaafu

Bora ungesema ulibeba mwanamke.

Kiti cha Mbele

😂😂 nimecheka halafu nikakumbuka napandaga basi hiyo njia, nikaacha kucheka

Bi Mkubwa wa Mbagala

Mwanangu mimi nina miaka 63, wajukuu ndo wameniwekea hii kitu kwenye simu. Nyote mmeongelea kikoba na honi, hakuna aliyegusa dawa ya presha. Mama yako mzazi anameza vidonge vya mkaza mwana kila mwezi na wewe hujui. Kabla hujaenda jikoni kwa mkeo, mpigie mama yako. Usimhoji. Muulize hali, muulize dawa zipo, nyamaza umsikilize.

Na wewe Mzee wa Hesabu, Mungu akupe mke mwenye daftari.

Mzee wa Hesabu

Bi mkubwa shikamoo. Nimekuelewa ila msimamo wangu wa ukuta uko pale pale.

Bi Mkubwa wa Mbagala

Marahaba. Kaa nao.

Dereva wa Tela (31 Desemba)

Wakuu narudisha mrejesho kama desturi, na poleni kwa kuchelewa, niliogopa kuandika kitu hakijaisha.

Nilimpigia mama tarehe 27. Nikauliza dawa. Akasema zipo mwanangu, ile ya mwezi huu uliyotuma nimenunua na sukari kidogo imebaki. Nikamwambia ipi mama? Akasema si hiyo unayompa mkeo anirushie, kila mwezi ananipigia ananiambia mwanao katuma ya dawa. Nilikata simu nikasema mtandao unasumbua. Nilitembea mpaka barabarani nikasimama pale watoto wanaposimamaga, magari yanapita, kumbe pale vumbi ni jingi hivi.

Jioni nikaingia jikoni. Mama watoto anapepeta mchele, mimi nikavuta kigoda nikachukua ungo mwingine nikawa nachambua, akanitazama akaendelea. Watoto walikuja mlangoni wakachungulia wakaondoka wanacheka. Nimechambua kama robo saa hivi nikasema, hivi kikoba chenu mnavunja lini?

Hakujibu kwanza. Akapuliza makapi, akageuza ungo, ndo akasema, "Umefika ukurasa wa ngapi?"

Kumbe alijua siku ile ile. Kalamu anaichomeka ukurasa wa leo, mi nimeirudisha kwenye jalada. Siku nne zote ananiangalia tu ananiuliza baba utakula nini.

Niliomba radhi ya kusoma. Akasema daftari sio siri, liko kwenye droo ya vyombo, siri angeiweka pengine. Deni akakataa nisiliguse, kama Dada wa Sanduku alivyosema, litajikata lenyewe, na jana limejikata, karudi na 270,000. Alichotaka ni mtoto wetu wa pili anayeanza fomu wani Januari, fomu ya kujiunga anayo toka wiki iliyopita hakunionyesha kwa sababu aliona nimepumzika. Ada hakuna, hilo sawa, ila sketi mbili, viatu, madaftari, rimu ya karatasi, ufagio wa chelewa, jembe, mchango wa chakula, ukijumlisha unatafuta pa kukaa. Tumeenda leo asubuhi tumenunua vyote. Mi nimebeba jembe na ufagio kwenye bajaji watu wanadhani tunahama. Ya dawa kuanzia sasa natuma mwenyewe, na mama sijamwambia lolote, mke kakataa nimwambie.

Ukuta tumeahirisha. Nilimwambia nataka ukuta kwa usalama wenu, akasema mwizi akiingia humu ataiba nini, kauntabuku?

Sasa la 17/9. Nikamweleza ukweli kama nilivyowaeleza. Nilidhani atafurahi kwamba hakukuwa na mwanamke. Wakuu, hiyo ndo ilimkasirisha kuliko vyote, alisimama mchele ukamwagika nusu. Anasema yeye alikuwa uani anaanua nguo, kaliona gari linakuja anasubiri honi, na kwenye kichwa mle kumbe kuna kijana hata leseni hana na wewe umelala. Hajaniongelesha mpaka asubuhi ya pili. Nilichambua ule mchele uliomwagika peke yangu.

Nyumbani bado ni hivyo hivyo, TV bado wanapunguza. Ila mdogo jana kaja kuniomba mia tano ya lambalamba mimi. Akaangalia kwanza kama mama yake anasikia.

Napakia tarehe 3.

Dada wa Sanduku

270 sio haba kwa mwaka wa mota kuungua. Mpe hongera yake.

Kiti cha Mbele

Mkeka naukunja. Heri ya mwaka mpya wakuu, Januari ile yenye siku 90 hiyo inakuja.

Utingo Mstaafu

Tarehe 3 kuanzia Mikumi mpaka Makambako mvua, Kitonga usifukuzane na mabasi. Na tandiboi?

Dereva wa Tela

Tandiboi anakaa siti ya pembeni. Kibaha napita na usukani ninao mwenyewe, saa kumi na moja jioni nimeshawaambia.