Wazazi wa Darasa la Sita, Uyole

Mama Atupele, 1:10 usiku
Habari za jioni, wapendwa. Nakumbusha tena kwamba kesho baada ya ibada tunakutana kwangu kuhusu aljebra, kwa kuwa madaftari niliyoyapitia yana kosa lile lile: watoto wanaandika 3x + 2 = 5x. Naomba kila mzazi athibitishe.

Mama Atupele, 1:48 usiku
Naona wengi mmesoma.

Baba Lusajo, 1:53 usiku
Kwangu mimi x ni lumbesa ya viazi, gunia lililojazwa kupita kipimo: hakuna ajuaye ndani mna debe ngapi mpaka ifunguliwe Dar es Salaam.

Mama Neema, 1:55 usiku
Na bei yake leo sokoni ikoje?

Mama Atupele, 1:57 usiku
Tafadhali tusitoke kwenye mada. Napendekeza tuchangie shilingi 5,000 kila mmoja, tumlipe mwalimu wa masomo ya ziada.

Mama Neema, 2:04 usiku
Kabla ya mchango mpya, ile hela ya ubao iliishia wapi?

Mama Atupele, 2:06 usiku
Hesabu niliitoa mbele ya wote, na risiti anazo Baba Lusajo.

Baba Lusajo, 2:07 usiku
Risiti ninazo. Kilichokosekana ni ubao.

Babu Mwalimu, 2:40 usiku
Wanangu, lumbesa 3 na debe 2 hazigeuki kuwa lumbesa 5, na hilo Baba Lusajo analijua vizuri. Mtoto anaunganisha kwa sababu tangu darasa la kwanza amezoeshwa kwamba kila swali huishia kwenye namba moja, hivyo 3x + 2 anaiona kama kazi isiyokwisha. Mpeni 8 + 4 = ☐ + 5. Akijaza 12, basi alama ya sawasawa kwake ni amri ya kuandika jibu, wala hajui kwamba pande mbili zinatakiwa kulingana, na mwalimu wa kulipwa atakayemkaririsha "hamisha, badili alama" atamzidishia giza tu. Fedha zenu zikae kwanza.

Mama Neema, 3:15 usiku
Shikamoo, Mzee. Nimempa Neema swali hilo sasa hivi. Amejaza 12, na nilipomwambia aangalie tena, akaongeza = 17 mbele yake.

Babu Mwalimu, 3:18 usiku
Marahaba. Usimgombeze. Mwulize upande wa kushoto una ngapi.

Mama Atupele, 3:31 usiku
Tumekusikia, Mzee. Ila mwalimu nimeshazungumza naye, na kesho atafika.

Baba Lusajo, 3:33 usiku
Kesho napakia viazi. Nikiwahi, nitapita.

Mama Tumaini, 4:50 usiku
Samahani, nimeona sasa hivi. Tuje na watoto, au wazazi peke yetu?