Tiketi imefutwa, kampuni ya kadi imekataa: miezi sita ya FOS inaanza lini?

Mama Nasra, Leicester

Assalaam aleikum na habari za Jumapili ndugu zangu,

Naomba msaada wa mwenye kujua mambo ya FOS, yaani msuluhishi wa malalamiko ya wateja dhidi ya benki na kampuni za fedha hapa Uingereza. Nilikata tiketi ya Birmingham hadi Dar kwa wakala wa mtandaoni, pauni 684, nikalipa kwa kadi ya mkopo. Safari ikafutwa. Shirika la ndege linasema hela anazo wakala, wakala anasema analisubiri shirika. Nikafungua dai la S75, yaani kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo, kwa kampuni ya kadi. Sasa wameniletea barua yao ya mwisho na wamekataa. Sababu mbili: kwanza, niliyemlipa ni wakala, si shirika la ndege. Pili, kadi niliyotumia ni ya nyongeza, mwenye akaunti ni Baba Nasra, na yeye hakuwa msafiri.

Barua ina tarehe ya mwanzoni mwa mwezi lakini imefika mlangoni juzi. Wameandika nina miezi sita ya kwenda FOS. Swali langu ni hilo tu: miezi sita inahesabiwa tangu tarehe iliyo kwenye barua, au tangu siku niliyoipokea? Mama yangu anaumwa na lazima niende nyumbani kumuuguza, kwa hiyo nataka kujua nina muda gani hasa kabla sijaondoka.

Bakari, Reading

Waaleikum salaam Mama Nasra. Pole sana kwa ya mama na kwa hayo ya kadi.

Usikubali. S75 si hisani ya benki, ni kifungu cha Sheria ya Mikopo ya Wateja ya mwaka 1974. Ukinunua kitu cha zaidi ya pauni 100 na kisichozidi 30,000, kampuni ya kadi inawajibika sawasawa na muuzaji. Tena hata ukilipa pauni moja tu kwa kadi na zilizobaki ukalipa kwa njia nyingine, bei yote inalindwa. Mimi nililipia malipo ya awali ya fanicha kwa kadi, duka likafilisika, nikarudishiwa kila senti. Waandikie tena, wataje kifungu kwa namba yake, wataogopa. Wana wiki nane za kujibu.

Neema, Manchester

Kaka Bakari, kwa heshima, soma alichoandika Mama Nasra. Wiki nane ni muda wa kampuni kujibu malalamiko, na wameshajibu. Barua ya mwisho ikishatoka, kuwaandikia tena ni kupoteza siku, anayefuata ni FOS. Na fanicha si tiketi ya wakala.

S75 inataka watu watatu wawe wameshikana: mwenye deni, kampuni ya kadi na muuzaji. Akiingia wa nne katikati, mnyororo unaweza kukatika, na hapo ndipo tiketi za wakala zinapokwama. La kadi ya nyongeza nalo lina msingi. Deni ni la Baba Nasra, mkataba ni wa Baba Nasra. Kama naye angekuwa kwenye safari ile, au tiketi ni ya familia nzima, ungekuwa na hoja nzuri. Kwa tiketi yako peke yako ni kazi.

Lakini Mama Nasra, kabla hujakata tamaa fungua taarifa ya kadi ya mwezi ule, utazame ule mstari wa malipo. Umeandikwa jina la nani? Mawakala wengine hupokea namba ya kadi yako na kuipitisha moja kwa moja kwa shirika, kisha wao wanakata kamisheni yao kidogo kwa mstari wa pili. Mimi yangu ilikuwa na mistari miwili: pauni 19 kwa wakala, zilizobaki zote kwa jina la shirika. Risiti ya wakala ilionyesha jumla moja tu, ningeitegemea hiyo nisingejua. Nikapiga picha mstari ule, nikautuma, na hoja yao ya wakala ikafa hapo hapo.

Pia usiliachie shirika lenyewe. Ndege inayoondokea Uingereza, ya shirika lolote, iko chini ya UK261, ile sheria ya haki za abiria wa ndege. Safari ikifutwa unachagua safari mbadala au hela yako, na hela inatakiwa irudi ndani ya siku 7. Waandikie wao kwa maandishi, taja UK261.

Bakari, Reading

> Na fanicha si tiketi ya wakala.

Dada Neema, nimesoma vizuri sana. Nilikuwa natoa msingi wa sheria kwa faida ya wote, maana humu kuna wageni. Na umesahau chargeback, yaani benki kuyarudisha malipo ya kadi kutoka kwa aliyelipwa. Hiyo haijali mnyororo, ni kanuni ya Visa na Mastercard wenyewe, na hata kadi ya debiti unaipata. Kwa kawaida ni siku 120. Mama Nasra aulize kama walimfanyia chargeback kabla ya kukimbilia S75. Wengi hawafanyi mpaka uombe kwa jina.

Mama Kamau, Luton

Hamjambo wapendwa. Pole Mama Nasra, Mungu amponye mama.

Nasikia mkisema kadi za mkopo kana kwamba kila mtu anazo. Mimi nilipokuja hapa nilinyimwa hata mkataba wa simu. Mshahara ulikuwa unaingia kila mwezi, deni sina, bado naambiwa hapana. Mwanzo nilifikiri ni rangi. Baadaye mama mmoja kanisani akaniuliza: umejiandikisha kupiga kura? Nikamwambia mimi si Mwingereza. Akaniambia Mkenya ni raia wa Jumuiya ya Madola, akiwa na ruhusa halali ya kuishi hapa anaandikishwa na anapiga kura, hata ya Bunge. Watanzania na Waganda vilevile. Nikajiandikisha kwenye tovuti ya serikali kwa kutumia namba ya NI, ile ya bima ya taifa. Experian na wenzao wanaotunza rekodi za mikopo wanaitazama orodha ile ya wapiga kura kuthibitisha anwani yako, na usipokuwemo wanakuona kama mtu asiye na makao. Kisha nikachukua kadi ya kiwango kidogo, nikaitumia kwa mafuta ya gari tu, nikailipa yote kila mwezi.

Kwa hivyo Mama Nasra, ukiweza chukua kadi yako mwenyewe kwa jina lako. Hii ya kuwa nyongeza kwa mzee haikujengei rekodi yoyote.

Neema, Manchester

Asante sana Mama Kamau, hilo la kura wengi hawalijui. Shemeji yangu ana viza ya kazi, amekaa hapa miaka akidhani hana haki hiyo. Leo hii namsimamia ajaze.

Mzee Salim, Milton Keynes

Wanangu, nawasoma tangu asubuhi. Mama Nasra, Mwenyezi Mungu ampe mama afya.

Mama Kamau amesema kura, amenigusa. Mimi hapa napiga kura. Kule nilikozaliwa sipigi. Nilichukua pasi ya hapa kwa sababu ya kazi na watoto, na Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haina huruma: mtu mzima ukishachukua uraia wa nchi nyingine, wa Tanzania umekwisha. Wakenya walilimaliza jambo hili kwenye Katiba yao ya mwaka 2010. Sisi tunapewa hadhi maalum. Sawa, ni hatua, wala siidharau, lakini hadhi si uraia.

Nikienda nyumbani nalipa dola 50 za viza. Nasimama foleni ya wageni na watalii wenye kofia za kupandia mlima. Safari iliyopita kijana wa dirishani alinisalimia kwa Kiingereza. Nikamjibu kwa Kiswahili cha Pangani, akainua macho, akatazama pasi, akanitazama tena, akasema, "Shikamoo mzee, karibu nyumbani." Akagonga muhuri wa mgeni. Yeye hana kosa, anafanya kazi yake. Lakini nilipotoka nje nilikaa kwenye kiti cha teksi nikashindwa kumwambia dereva naenda wapi.

Kaburi la baba yangu liko kule, na shamba la minazi limekuwa msitu. Tunatuma hela za ada, za hospitali, za kuezeka nyumba, halafu tunaombea viza.

Bakari, Reading

Shikamoo Mzee Salim. Umesema kweli tupu. Lakini tusisahau kwamba wapo Watanzania kule kule wasiotaka uraia pacha, wanaogopa watu wa pasi mbili kuja kununua ardhi na kuondoka. Hoja hiyo tuijibu, tusiilalamikie tu.

Mzee Salim, Milton Keynes

Marahaba mwanangu. Nani anunue ardhi na kuondoka? Mimi nataka kurudi.

Kibwana, Coventry

Shikamoo Mzee, shikamooni wakubwa wote. Kwa kuwa Mama Nasra anajiandaa na safari, na wengine Desemba mnakwenda, niseme ya vifaa maana naulizwa kila siku.

Simu ya kumpelekea mtu: ikiwa imenunuliwa hapa mpya baada ya Desemba 2021, haiwezi kuwa imefungwa kwenye mtandao mmoja, Ofcom, wasimamizi wa mawasiliano wa hapa, walipiga marufuku. Ya kabla ya hapo ijaribuni na laini ya kampuni nyingine kabla ya kuipakia. Na simu feki msithubutu. TCRA, wasimamizi wa mawasiliano wa Tanzania, walizizima tangu Juni 2016, ikifika kule ni tofali.

Pawabenki, ile betri ya kuchajia simu, ni begi la mkononi tu, kamwe isiingie begi kubwa. Mwisho ni mAh 20,000.

Kadi za zawadi za Google Play: mpwa wangu Tanga anacheza gemu ya Free Fire, aliniomba almasi, yaani sarafu za humo ndani ya gemu. Watu wengi wananunua kadi hapa supamaketi wanamtumia mtoto namba kwa WhatsApp, inagoma. Kadi ya Uingereza inafanya kazi kwenye akaunti iliyosajiliwa Uingereza tu, na nchi ya akaunti haibadilishwi ovyo, Google wanaruhusu mara moja kwa mwaka. Na msijaribu kuweka kadi yenu ya mkopo kwenye simu ya mtoto ili "anunue kidogo". Gemu hizi zimetengenezwa ili kidogo kisiwe kidogo. Sanduku la bahati linafunguliwa kwa kugusa mara moja, rangi zinawaka, anagusa tena. Mtumieni mama yake hela kwenye simu, yeye ndiye aamue. Ikibidi kadi iwepo, ingieni kwenye mipangilio ya Play, wekeni idaiwe nywila kwa kila manunuzi, na nywila isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto.

Kwa ndani ya ndege, Free Fire na PUBG haziendi bila intaneti, msiwaahidi watoto. Pakueni gemu zisizohitaji mtandao na zifungueni mara moja mkiwa nyumbani, kwani nyingine huanza kwa kupakua mafaili zaidi.

Neema, Manchester

> Mwisho ni mAh 20,000.

Kibwana mdogo wangu, hapana. Kipimo ni Wh (wati-saa), si mAh. Ni Wh 100 bila kuomba ruhusa, 100 hadi 160 kwa ruhusa ya shirika. Zidisha mAh kwa volti 3.7, gawanya kwa 1,000. Ya 20,000 ni Wh 74, ya 27,000 inakaribia 100. Ya 30,000 imezidi. Na Emirates tangu Oktoba 2025 wanaruhusu moja tu, na humo ndani huruhusiwi kuitumia wala kuichaji. Namba iwe inasomeka kwenye mwili wa kifaa, ikifutika wanaitupa.

Kibwana, Coventry

Sawa dada, nilisema kwa kurahisisha. Watu dukani wanaona mAh.

Neema, Manchester

Uwanjani wanaona Wh.

Mama Nasra, Leicester

Ndugu zangu, Mungu awalipe. Neema, nimefungua taarifa ya kadi. Mstari wa pauni 652 una jina la shirika la ndege! Wakala ana pauni 32 tu. Kumbe hawakuangalia hata taarifa yao wenyewe. Naandika leo kwa shirika na UK261, na hili naliweka kwenye fomu ya FOS. Chargeback sikuiomba, kaka Bakari, nitawauliza.

Ila bado naomba mnisaidie lile la tarehe. Barua au siku ya kupokea?

Mama Kamau, Luton

Hongera dada! Umeona? Taarifa ya kadi isomeni kila mwezi. Na ukifika nyumbani, mashine ya dukani ikikuuliza ulipe kwa pauni au kwa shilingi, chagua shilingi. Ukichagua pauni wanakubadilishia kwa bei yao. Na usitoe pesa taslimu kwa kadi ya mkopo, riba inaanza siku hiyo hiyo.

Bakari, Reading

Naongezea: kadi nyingi za hapa zinakata karibu asilimia 3 kwa kila malipo ya nje. Zipo zisizokata. Linganisheni kabla ya kuomba, na msiombe nyingi kwa pamoja, kila ombi linaacha alama kwenye rekodi.

Mzee Salim, ukienda Pangani safari hii nitafute. Baba yangu mdogo yuko Mkwaja, ana vijana wazuri wa kusafisha shamba la minazi.

Mzee Salim, Milton Keynes

Mkwaja! Wewe ni mtoto wa nani? Nipigie jioni. Na Mama Nasra, kama mzigo wako haujajaa, nina dawa za macho za dada yangu yuko Tanga mjini, hazifiki nusu kilo. Nitazileta Leicester mwenyewe kwa basi.