Kuchoma majani makavu chini ya miti: utabiri wa kwenye simu unatosha?

Wakuu naombeni msaada, nasimamia shamba la misonobari, tunataka kuchoma yale majani makavu ya chini kabla kiangazi hakijakolea, sasa mi huwa naangalia tu apu ya simu kama kuna mvua au hakuna, mwenzangu anasema naleta balaa. Niangalie nini kingine?

Jibu la 1
Mvua peke yake haikwambii kitu. Angalia unyevu wa hewa, ukishuka chini ya asilimia 30, joto limepita nyuzi 30 na upepo umezidi kilomita 30 kwa saa, ficha kiberiti kabisa.

Jibu la 2
Naongezea, upepo kugeuka ndo unaoua watu. Moto unaenda kama ulimi, mbele mwembamba ubavuni mrefu, sasa upepo ukigeuka ghafla ule ubavu wote ndo unakuwa mbele, na nyie mmesimama hapohapo. Ulizia saa ya kugeuka, siyo kasi tu.

Jibu la 3
Kanada wana mfumo wao wa kupima hatari ya moto wa msituni, unaitwa FWI (Fire Weather Index), unachukua vipimo vya mchana: joto, unyevu, upepo, na mvua ya saa 24. Raha yake mfumo wenyewe unakumbuka hali ya siku zilizopita, maana majani membamba yanakauka ndani ya masaa ila mboji ya chini inachukua wiki na wiki. Apu yako inajua ya kesho tu.

Muuliza swali
Duh, kumbe! Basi kesho sichomi, kwanza nikatafute kipima unyevu.